Kibuyu chenye Mshono

Kilimatinde, 3 Februari 1911

Kwa Dorkasi mke wa Seth, Mvumi.

Shikamoo, dada. Mbukwa, kwa salamu ya kwetu, wewe na wote wa nyumbani kwako. Huku tu wazima, ila mvua ya mwaka huu imekuwa bahili. Mtama umefika kiunoni ukasimama, na sisi tunautazama tu.

Wiki iliyopita alipita hapa Sostenes, mwalimu wa kusoma. Katika maongezi akamtaja mwanamke wa Mvumi aitwaye Dorkasi, anayesoma kuliko wanaume, ambaye hata akida humpigia hodi mara mbili. Nikacheka. Kisha akasema baba yake alikuwa Chihoma, mwenye lile dume la pembe iliyovunjika lililosazwa na sotoka iliyomaliza ng'ombe. Kicheko kikaniisha. Nilimwuliza mara tatu mpaka akanichoka.

Dada, kama umesimama, kaa kwanza. Mimi ni Ndahani, mdogo wako. Sikufa. Miaka minne iliyopita nilibatizwa, na sasa naitwa Yoramu. Ukiniona hutanitambua, maana ndui iliulima uso wangu wote, lakini macho yote mawili yanaona, namshukuru Mungu.

Mama yu hai? Nijibu hilo kwanza. Sitaki kitu, nataka habari tu.

Mdogo wako,
Yoramu


Mvumi, 12 Machi 1911

Kwa anayejiita Yoramu.

Salamu nakupa, maana Mkristo hamnyimi mtu salamu. Marahaba ni kitu kingine. Hiyo itakaa kwangu mpaka nijue nampa nani.

Sisi hatujambo. Mume wangu Seth yuko kwenye kazi ya reli, anabeba mataruma, na kila mwezi anazidi kwenda mbali. Binti yetu Ruthu ana miaka kumi na minne, mzima, na mbishi kama mbuzi. Kama unamwuliza mama yangu, alifariki miaka kumi iliyopita.

Sasa nisikilize. Ndahani alikufa kwa ndui mwaka ule wa njaa, akiwa na miaka tisa. Tulimlilia, tulinyoa vichwa. Maiti wa kwetu hawaandiki barua. Mwaka juzi alikuja hapa mtu akasema ni mjukuu wa jirani yetu aliyepotea na msafara. Akala wiki tatu, akaitwa mwanangu, akaondoka na ndama wawili. Kama wewe ni wa ukoo huo, jua mapema kwamba hapa ndama hakuna.

Na habari za dume la pembe iliyovunjika usinitolee. Dume lile Ugogo nzima inalijua. Niambie jambo ambalo Sostenes hawezi kuwa amekuambia. Ukishindwa, karatasi ni ghali, usiipoteze.

Dorkasi


Kilimatinde, 2 Aprili 1911

Shikamoo, dada, hata kama marahaba umeifungia.

Nimelia kwa ajili ya mama. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hivyo, lakini kujiandaa hakusaidii. Mtama wetu umekauka, tunangoja uwele. Nifikishie salamu kwa shemeji Seth na kwa Ruthu, ambaye hajui kuwa ana mjomba.

Umetaka jambo. Kibuyu cha maji cha mama kilikuwa na ufa. Baba alikishona kwa ukano wa ng'ombe, mishono saba, akaziba kwa nta. Mshono wa nne ulikuwa unavuja. Wewe ulikibeba bega la kushoto daima, na nguo yako ililowa upande huo. Mama alikuwa akikutania kwamba bega lako moja lina masika na la pili kiangazi.

Aliyenichukua ni Mrangi wa Kolo, jina lake Zaidi, mwuza tumbaku mwenye punda watatu. Naye uso wake ulikuwa umelimwa kama wangu. Alikaa nami siku ishirini katika kibanda nilikotengwa, biashara yake imelala, kisha akanipakia juu ya punda tukaenda kwao. Ndiye aliyenilea.

Kazi yangu sasa ndiyo ile ile yake. Unajua kwamba aliyepona ndui haimrudii. Miaka miwili iliyopita wapagazi waliugua hapa karibu, wakatengwa porini, na hakuna aliyewasogelea. Nikajiuliza: uso huu Mungu ameniachia kwa ajili gani, kutishia watoto? Nikaingia. Tangu hapo kila panapotengwa watu naingia. Nachota maji, naosha macho yasigande, nawaombea, nazika. Wamisheni hunipa chumvi na vitambaa.

Ndiyo maana nakuandikia upesi. Ndui inatambaa kuifuata reli, kambi kwa kambi. Stesheni ya Dodoma yuko mtu wa chanjo. Mpeleke Ruthu akachanjwe, nawe uchanjwe pamoja naye. Usingoje.

Yoramu


Mvumi, 20 Mei 1911

Kwa Yoramu.

Hatujambo. Tumevuna uwele kidogo, karanga kidogo, maneno mengi. Seth ameleta salamu, anasema miguu imemvimba.

Kibuyu hicho sikikumbuki. Mama alikuwa na vibuyu vingi, na vibuyu vyote hupasuka. Habari ya kibuyu mtu anaweza kuisikia kisimani.

Nina maswali, na usinijibu kwa mahubiri. La kwanza: unajuaje ndui itafika kabla haijafika? Mwenye kujua saa ya fisi kuja ni nani kama si mwenye fisi? Hapa watu wanasema wako wanaoibeba mfukoni, na mimi sijasema wanasema kweli, nimesema wanasema.

La pili: kama Mwislamu ndiye aliyekuokoa na kukulea, kwa nini hukukaa katika dini yake? Mtu anayemwacha aliyempa maji, mimi nitamwaminije?

La tatu: chanjo. Ng'ombe wetu tunawakata masikio ili tujue ni wa nani. Leo watu wanakatwa mkono. Ni wa nani? Hapa tumeshaelewa: mwenye alama ataandikwa, na akiandikwa atafuatwa kwa kodi na kwa kazi ya reli mpaka kaburini. Jirani yangu Anyesi amempeleka mwanawe, mkono ukavimba, akashinda analia. Namtazama tu. Ruthu simpeleki, na hasa simpeleki kwa neno la mtu nisiyemjua.

La nne ni dogo. Unakumbuka nini cha kibandani, kabla ya huyo Mrangi? Nauliza tu.

Dorkasi


Kilimatinde, 30 Juni 1911

Shikamoo, dada.

Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa kibandani na watu saba siku thelathini na mbili, na barua yako iliningoja. Wamepona wanne. Baridi huku ni kali na upepo unatuchuna ngozi.

Nakujibu. Ndui naijua inakokwenda kwa sababu nawauliza wagonjwa walikolala. Si uganga, ni masikio tu.

Kwa Zaidi nililelewa vizuri, na Ramadhani tulifunga pamoja. Baadaye nikawa mpagazi, nikafika hapa, nikakaa benchi la nyuma kanisani kwa sababu ya kivuli. Siku hiyo wakasoma habari za Yesu kumgusa mwenye ukoma. Alimgusa kwanza, kisha ndipo akapona. Nililia kama mtoto, dada, maana mkono ule nilikuwa naujua. Nikaenda Kolo kumwambia Zaidi kwamba nitabatizwa. Akanimiminia kahawa. Akasema hakufurahi, hatanidanganya. Halafu akasema, "Lakini ukishabatizwa, usije ukasahau kuwachotea wagonjwa maji." Alifariki mwaka jana. Sikumwacha. Nayaendeleza ya kwake kwa jina la Yule niliyemkuta.

Chanjo si alama ya ng'ombe. Ni ndui ndogo inayoizuia kubwa. Nakuomba kwa machozi, mpeleke mtoto.

Umeuliza nakumbuka nini cha kibandani. Nakumbuka kiu. Mengine tutaongea tukionana.

Yoramu


Mvumi, 8 Agosti 1911

Yoramu,

Sina salamu za kuandika. Wiki tatu zilizopita Ruthu alikwenda kumpelekea baba yake unga kwenye kambi ya reli. Amerudi, na juzi homa ilimshika. Leo vipele vimetoka usoni na kwenye viganja. Wazee wamekwisha sema atengwe. Kibanda kimejengwa palepale pa zamani, na miiba imezungushwa. Aliyekuwa na alama za ndui hapa kijijini alikuwa mzee mmoja, naye amekufa. Mimi sijaugua, sijachanjwa, wananizuia nisivuke miiba.

Mtoto wa Anyesi mkono umepona, anacheza na mbuzi.

Nachukua maji mpaka jiweni, nje ya miiba, naweka, nagonga, narudi nyuma. Anatambaa kuja kuyachukua. Namsikia.

Kama wewe ni mwizi, njoo uibe. Kama ni mchawi, njoo. Kama ni Ndahani, njoo upesi. Barua hii inabebwa na mtu wa mbio.

Dorkasi


Kibandani, 15 Agosti 1911

Shikamoo, dada. Nimekuona kwa mbali asubuhi nilipopita, na wewe ukajifunika uso kwa nguo. Si kitu. Hata mimi nisingejua la kusema mbele ya watu wote wale. Nilisikia yule aliyepiga kelele kwamba nimeleta ndui ndani ya mkoba. Mkoba nimeuacha wazi nje ya miiba, waje waukague. Wataona chumvi, kitambaa, na kitabu cha nyimbo.

Usipige kelele kuniuliza habari, sauti itakuisha. Andika, weka jiweni chini ya kibuyu. Barua zangu nazifukiza moshi kabla sijaziweka. Zishike kwa vijiti viwili, soma, choma.

Ruthu ana vipele vingi, lakini havijaungana, na hiyo ni dalili njema. Macho nayaosha kila mara. Anakataa uji. Ananiita mjomba kwa hasira. Naomba majani ya mgomba au nguo laini ya kulalia, na maji zaidi, mara mbili ya unayoleta.

Yoramu


Jiweni, 19 Agosti 1911

Yoramu,

Nimeleta maji vibuyu vinne na kanga yangu ya Krismasi, alalie. Barua yako niliishika kwa vijiti, ikanuka moshi, Anyesi akacheka kwamba naisoma kama nachoma nyama. Ni mara ya kwanza mtu kucheka hapa.

Sasa nataka kuandika lililonizuia kulala tangu Februari. Siwezi kulipazia sauti, maana kijiji kizima kina masikio.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, umri wa huyo mtoto uliye naye. Kila asubuhi mama alinipa kibuyu nikupelekee. Siku mbili nilifika jiweni, nikaweka, nikagonga, nikakimbia. Siku ya tatu niliwaona wawili wa nyumba ya jirani wakibebwa kwa mkeka mmoja. Miguu ikakataa. Nilisimama njiani, pale paa la kibanda linapoonekana, nikamwaga maji chini, nikarudi. Mama akauliza, "Amekunywa?" Nikasema, "Amekunywa yote." Siku ya nne vilevile. Siku ya tano nikasema umekufa. Hakuna aliyethubutu kwenda kutazama. Mama alinyoa kichwa kwa neno langu, na kwa neno langu akaingia kaburini.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilipopata barua yako ya kwanza sikufurahi. Niliogopa. Nikatafuta kila sababu usiwe wewe. Nilikataa chanjo kwa sababu ya alama, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu imetoka kwako. Nilisema moyoni, huyu anamtaka mtoto wangu awe malipo ya jinsi nilivyomtoa yeye. Na kwa kiburi hicho mwanangu analala hapo.

Safari hii sijamwaga hata tone. Siku ya tatu nilifika palepale njiani, miguu ikakataa tena, nikaipiga kwa fimbo. Hilo unaweza kumwuliza Ruthu, maji yalifika.

Lakini siwezi kuona ng'ambo ya miiba, na wasiwasi unanila. Nijibu kweli. Umekuja kumponya au umekuja kunilipa? Kama ni malipo, mwache yeye, unilipe mimi.

Dorkasi


Kibandani, 20 Agosti 1911

Dada,

Nilijua. Nilijua tangu siku ile.

Siku ya nne nilisikia maji yakimwagika. Mwenye kiu huyasikia maji kutoka mbali. Nikatambaa kuyafuata, nikasahau njiani, nikaamka, nikatambaa tena. Nikafika nikakuta udongo umelowa na nyayo zako zimegeuka. Nikalaza shavu juu ya ule unyevu. Ni hapo Zaidi aliponikuta na punda wake, katikati ya njia, akanirudisha kibandani. Ningebaki kibandani angepita zake.

Sisemi ulifanya vyema. Ulifanya vibaya sana. Nimekuchukia miaka mingi. Kule Kolo nilikuwa nautupia mti mawe nikiuita kwa jina lako. Chuki hiyo ilinichosha kabla sijabatizwa, na ubatizo ulinipa mahali pa kuitua. Bado siku nyingine hunifuata mlangoni, sikufichi. Lakini mgonjwa akisema "maji," siwezi kukawia. Wengine huomba kwa sauti ya paka, watu wa afya hawawezi kuisikia. Mimi naisikia, kwa sababu ya kiu ile. Mungu hakupenda niipate, lakini hakuiacha ipotee bure.

Ruthu leo amekunywa uji nusu kata, akanitukana kwa kuutia chumvi nyingi. Atapona. Uso wake utakuwa kama wangu, jiandae kumtazama bila kujifunika nguo.

Maji unayoleta, akishakunywa yeye, yanayobaki nakunywa mimi.

Yoramu


Mvumi, 10 Desemba 1911

Kwa Yoramu, Bahi, kwenye vibanda.

Mbukwa. Mvua imeanza, ya kweli, paa la tembe linavuja pembe mbili na hatulalamiki. Seth amerudi, miguu imepona, amemaliza na reli. Mimi nilikwenda Dodoma kwa miguu yangu nikachanjwa. Mkono ulivimba, nikalia kuliko mtoto wa Anyesi, akanicheka tena. Akida bado hajaja kuniandika.

Tangu ulipoondoka Septemba nilikuwa nangoja barua ya kumtaka Ruthu akusaidie kazi ya vibandani. Nilikuwa nimekwisha tayarisha jibu kali, ukurasa mzima. Hukuandika. Umeandika habari za Bahi, kwamba wametengwa watu thelathini na uko peke yako, ukaishia hapo. Nikaisoma mara nne nikitafuta mtego. Sikuuona.

Niliisoma kwa sauti. Ruthu akasema, "Mama, mimi haiwezi kunirudia." Nikamwambia ni mtoto. Akasema wasichana kisimani wanampisha kama mkwe, basi aende mahali ambapo uso wake una kazi. Nikamwambia habari za ndoa, habari za njia, habari za simba. Nimebishana naye wiki tatu, mimi ambaye akida ananiogopa, nikashindwa. Akaniuliza, "Ungekuwa umepona wewe mama, siku ile, usingeingia?" Nilimweleza habari zetu zote, ndiyo. Nikaanza kumsagia unga wa njiani.

Nilikushuku kwamba umekuja kuninyang'anya mwanangu. Sasa nakuletea mwenyewe. Baba yake anamsindikiza mpaka Bahi. Umtunze. Asilale njaa, asizike watoto peke yake, na Jumapili asome, maana anaruka maneno.

Jambo moja bado. Nilikuandikia kwamba kibuyu kile sikikumbuki. Kilikuwa nyuma ya vilindo vya kuhifadhia mtama miaka kumi na saba. Sikukitumia, na kukivunja sikuweza. Wiki hii nimekiosha, nimetia nta upya, lakini mshono wa nne umenishinda kama ulivyomshinda baba. Ruthu anacho. Nimekijaza mwenyewe mpaka mdomoni, nikamwambia hayo ni ya mjomba wako, asimpe mtu njiani. Akifika utaona bega lake la kushoto limelowa.

Marahaba, mdogo wangu.

Dada yako,
Dorkasi